Kapsuli Ishirini za Salima

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa kijiko, si sindano. Ilikuwa Kibombo, kwenye kituo cha afya chenye vyumba vitatu, na muuguzi mkuu wa kituo, mzee mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, aliniweka mbele ya kopo la vidonge akaniambia nihesabu mpaka atakaponiambia niache. Nilikuwa nimetoka shule ya uuguzi na diploma yangu ndani ya bahasha, nikidhani nitaanza kwa kudunga watu. Nilihesabu mpaka mchana. Kisha akanikalisha.

"Unajua ulikuwa unafanya nini?"

"Kuhesabu dawa, papa."

"Hapana. Ulikuwa unahesabu siku za muntu. Ukipunguza moja, njo siku moja ya ugonjwa umemubakishia." Alisema "njo" kama tunavyosema sote huku, yaani "ndiyo".

Nawaandikia ninyi mnaovaa koti jeupe leo, mnaosoma orodha ya dawa kwenye simu na kucheka tunapowaambia kwamba sisi tuliishika kichwani. Tuliishika kweli. Mzee yule wa Kibombo alinifundisha kwamba dawa za kuua vijidudu, zile mnazoziita antibiotiki, haziui kila kitu. Mafua hayazisikii, wala kikohozi chepesi cha mtoto anayecheza. Malaria ina dawa zake. Jipu linataka kisu kwanza. Mkojo unaochoma tuliupa kotrimoksazoli, homa ya taifodi tuliipa kloramfenikoli, na nimonia, yaani mapafu yaliyoshikwa na vijidudu mpaka yakajaa maji maji, tuliipa penisilini na ndugu yake ampisilini. Ndivyo ilivyokuwa wakati ule. Mambo yamebadilika, na asitokee mtu akajitibu kwa maneno ya bibi mstaafu wa Mikelenge.

Baada ya miaka minne nilihamishiwa Kindu, wodi ya watoto. Mkuu wa wodi alikuwa mama mrefu, asiyesikika akitembea, na jambo alilolichukia kupita yote ni muuguzi anayekimbilia dawa kubwa. Siku moja nilimwandikia mtoto mwenye koo jekundu kloramfenikoli, kwa sababu mama yake alilia sana mbele yangu. Mkuu wa wodi akaishika karatasi yangu kwa vidole viwili.

"Hii dawa umemuandikia mutoto, ao umemuandikia mama yake?"

Alinieleza mbele ya wenzangu kwamba dawa ile, mara chache lakini kweli, huweza kuzuia mifupa isitengeneze damu, na kwamba ukiizoesha kazi ndogo, siku ya kazi kubwa haitakuitikia. Hali hiyo ya vijidudu kuzoea dawa tunaiita usugu. Niliona haya kwa wiki nzima. Lakini somo nililishika, na nilipopelekwa Mikelenge, mtaa wa hapo hapo Kindu, kuwa muuguzi mkuu wa kituo nilijiona nimeiva. Nilijua ugonjwa, nilijua kijidudu, nilijua dawa yake. Niliringa, nakiri.

Kisha vita vikaingia. Gari moshi likasimama, na mashua za Lualaba zikaacha kupanda na kushuka. Dawa zilizokuwa zikija kwa mabehewa sasa zilikuja kwa ndege, katoni chache, na zote zilifungiwa kwenye ofisi ya zoni ya afya chini ya funguo za daktari mkuu, tuliyemwita medsen shefu. Alikuwa Mkatoliki kutoka mbali, mtu mkimya, amekonda kama sisi sote. Kila kituo kilipata fungu lake. Ukitaka zaidi, ulikwenda kwake kwa miguu ukajieleza, na kati ya Mikelenge na ofisi yake kulikuwa na vizuizi viwili vya askari.

Nilikuwa na rafiki jina lake Salima. Aliniita yaya, dada mkubwa, ingawa hatukuwa ndugu wa damu. Kwao na kwetu ni Kibombo, na hiyo ilitosha. Aliuza mchele. Mume wake alikuwa mfanyakazi wa reli, aliondoka na gari moshi la mwisho kwenda kusini, na njia ikakatika nyuma yake. Miezi ilipita bila habari. Salima alibaki na binti wa miaka minne, Mwajuma, na mama mkwe wake, Bibi Zuhura, katika nyumba iliyo hatua chache kutoka kituoni kwangu.

Mwezi wa Ramadhani wa mwaka ule uliwakuta watu wana njaa tayari. Siku ya sita ya mfungo, alasiri, Salima alikuja akitembea amejikunja upande wa kulia. Alikuwa na homa, na makohozi yake yalikuwa na rangi ya kutu. Nilihesabu pumzi zake kwa dakika nzima: thelathini na sita, wakati mtu mzima aliyetulia havuki ishirini. Nilipoweka kifaa cha kusikilizia mgongoni nikasikia ile sauti ya chumvi iliyotupwa kwenye moto. Nimonia. Sikuwa na shaka, na hata leo sina.

Sindano sikuwa nazo. Nilikuwa na ampisilini, kapsuli nyekundu na nyeusi, na dozi yake ilikuwa moja kila saa sita kwa siku saba. Dawa hii haikai mwilini muda mrefu. Ukichelewesha inayofuata, vijidudu vinapata nafasi ya kuinuka tena. Nilihesabu ishirini na nane, nikazifunga kwenye karatasi.

"Moja asubuhi, moja mchana, moja magharibi, moja ukienda kulala," nilimwambia.

"Nimesikia, yaya."

Hapa lazima niwaeleze jambo la kwetu, ninyi mnaotoka pengine. Sisi Waislamu wa Kindu hatumuulizi mwanamke mzima kama amefunga. Ana siku zake ambazo hafungi, na kumuuliza ni kumchungulia. Mwanamke asiyefunga hula nyuma ya nyumba, anayefunga hunyamaza, na mtu mwenye adabu hutazama kando. Mimi nililelewa hivyo. Tena niliona wazi kwamba mgonjwa wa namna ile ameruhusiwa kula na kulipa siku zake baadaye, kila mtu anajua. Kwa hiyo sikuuliza. Mimi mwenyewe nilikuwa nimefunga siku ile, midomo imenikauka, na wazo kwamba huenda naye amefunga halikunipita hata kichwani.

Kila alasiri nilipita nyumbani kwao nikahesabu pumzi. Siku ya pili, thelathini na nane. Siku ya tatu, arobaini na mbili. Nilimuuliza kama anameza dawa, akanijibu kwamba anameza vizuri. Siku ya nne zilikuwa arobaini na sita, na midomo yake ilianza kupoteza rangi. Bibi Zuhura alinisindikiza mlangoni, akiogopa kwamba mkwewe anakufa.

"Feza, uyu mutoto wa wenyewe anaenda?"

"Haendi popote, bibi. Nitabadilisha dawa."

Nilishaamua njiani kabla sijafika kwangu: usugu. Ampisilini imeshindwa. Asubuhi yake risasi zililia upande wa bandari, nikangoja kwenye mtaro pamoja na wauza mkaa mpaka zikanyamaza, kisha nikapita vizuizi vyote viwili. Medsen shefu alinisikiliza amesimama.

"Ampisilini ilishindwa?"

"Ilishindwa, dokta."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

Alifungua kabati akanihesabia kloramfenikoli kutoka katika akiba aliyoiweka kwa ajili ya homa ya uti wa mgongo. Nilitembea kurudi Mikelenge nimeishika kifuani. Nilimwambia Salima aache zile nyekundu na nyeusi, aanze hizi, mbili kila saa sita. Nilibadilisha dawa na saa nikaziacha vilevile. Sikuwa nimeliona kosa, nikalirudia.

Siku mbili baadaye pumzi zilikuwa hamsini na mbili. Alikuwa hawezi kumaliza sentensi bila kupumzika. Mwajuma alikaa kwenye mkeka akimpepea kwa kipande cha katoni, na kila Salima alipokohoa mtoto aliacha kupepea, akamtazama, kisha akaendelea. Niliondoka pale karibu mbio. Kwenye kizuizi cha pili askari mmoja alinichelewesha akitaka nimtazame jino, nikamtazama jino.

Safari hii medsen shefu alikaa chini, akanionyesha kiti.

"Anameza saa ngapi?"

"Kila saa sita."

"Weye mwenyewe ulimuona akimeza ya mchana?"

Nilitikisa kichwa.

"Mama Feza, weye ni Muislamu. Huyu mama iko anafunga?"

"Sijui, dokta."

"Hujui namna gani? Unaenda kwake kila siku."

"Kwetu hatuulizi."

Hakunikaripia, na mpaka leo natamani angenikaripia. Alisimama, akatoa chupa ndogo za penisilini prokaini, ambayo hudungwa mara moja tu kwa siku kwa sababu inatoka kwenye msuli polepole, akazitia mfukoni. "Mimi nitauliza," alisema, akachukua baiskeli yake.

Alimuuliza hivi, bila kuzunguka, akiwa amechuchumaa kando ya mkeka: "Mama, unafunga?"

Salima alinitazama mimi kwanza. "Niko nafunga, dokta. Nilitoa nadhiri, mwezi muzima, siache hata siku moja, mpaka Mungu amurudishe baba ya Mwajuma." Akapumzika. "Lakini dawa sikuacha. Nameza moja magharibi, moja ku daku. Hizi za sasa pia, magharibi na daku. Sikuruka hata mara moja."

Alilisema kama mtu anayestahili kusifiwa. Nusu ya dozi, na saa kumi na mbili na zaidi kila mchana mapafu yake yakiwa hayana ulinzi wowote, na juu ya hayo hakunywa maji. Siku sita nzima. Nilipiga magoti nikamwambia kwamba Kitabu chenyewe kimemruhusu mgonjwa kula, kwamba nadhiri haimlazimishi mtu kujiua. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Najua, yaya. Lakini uliponiambia mchana, nikafikiri unajua niko nafunga, unasema tu yenye imeandikwa. Ungeniambia dawa yenyewe njo inataka mchana, ningekuuliza namna ya kufanya."

Hakunilaumu. Aliyasema kama anavyonieleza bei ya mchele. Medsen shefu alimdunga palepale, na Salima akakubali maji, kikombe kizima, mbele yetu. Bibi Zuhura aligeuka akatazama ukuta.

Tulimdunga siku tatu. Siku ya pili homa ilishuka kidogo nikathubutu kutumaini, nikamletea uji mwenyewe. Siku ya tatu, baada ya adhuhuri, pumzi zilifika sitini, kisha nikaacha kuhesabu nikamshika mkono. Alizikwa kabla ya magharibi na wanaume wachache, kwa kuwa ng'ambo ya mto kulikuwa na mapigano na wengi waliogopa kutoka.

Baada ya siku saba Bibi Zuhura alikuja kituoni na kitambaa kilichofungwa fundo. Ndani kulikuwa na ampisilini iliyobaki, kapsuli ishirini, kavu na safi, pamoja na kloramfenikoli ambazo Salima hakuzifikia.

"Dawa imekuwa ngumu mu muji," alisema. "Itasaidia muntu mwingine."

Nilizipokea. Kloramfenikoli nilizirudisha zoni, na zile ishirini nikazitia nyuma kabisa ya kabati, nikageuza kopo lisinitazame.

Mwezi haujaisha, Bibi Zuhura alirudi na Mwajuma mgongoni. Homa, kikohozi, na kifua cha mtoto kikiingia ndani kila anapovuta pumzi. Nimonia ileile. Kabati langu halikuwa na dawa nyingine ya kazi ile; fungu la kituo lilikuwa limeisha siku kumi kabla, na ndege haikuwa imetua. Nilisimama mbele ya lile kopo. Nawaambia kweli, niliogopa kulishika kama vile mauti yamo ndani yake.

Nilimlaza kituoni, sikumpa mtu dawa aende nayo nyumbani. Nilifungua kapsuli juu ya karatasi safi, nikagawa unga wake kwa makali ya kisu katika mafungu mawili sawa, nikachanganya fungu moja na maji ya sukari, nikamnywesha mwenyewe. Nusu kapsuli, kila saa sita, bila kukosa hata mara moja. Siku ya kwanza hapakuwa na mabadiliko, nikahesabu pumzi mara nyingi mpaka Bibi Zuhura akanikataza. Siku ya pili kifua kiliacha kuingia ndani. Siku ya tatu mtoto aliketi, akaomba wali.

Nilitoka nje nikalia nyuma ya tangi la maji. Dawa ilikuwa nzuri. Niliichagua sawasawa tangu siku ya kwanza, kutoka kopo lilelile, kwa ugonjwa uleule, na imemponya mtoto kwa kapsuli ambazo mama yake alipaswa kuzimeza mchana.

Vita vilipoisha medsen shefu alihamishwa, na siri ile ikabaki kwangu na kwa Bibi Zuhura, ambaye hakuitaja kamwe. Gari moshi lilirudi siku moja, na baba yake Mwajuma akarudi nalo, akakuta kaburi. Baadaye alioa tena kusini. Mtoto alikulia kwa bibi yake. Nilimnunulia madaftari, nikasimamia masomo yake, na alipomaliza shule ya uuguzi aliletwa Mikelenge, kituoni kwangu, miaka miwili kabla sijastaafu. Nilimfundisha vyote. Nilimfundisha kwamba mgonjwa huulizwa anakula saa ngapi, analala saa ngapi, anakwenda shamba saa ngapi, na kama anafunga, kabla kalamu haijagusa karatasi. Na kwamba anayeweza kushika saa mbili tu apewe dawa ya mara mbili, kama ipo inayofaa. Alidhani ni ukali wangu wa uzee.

Siku hizi Kindu imejaa maduka ya dawa. Mtu anakohoa mara mbili, anauziwa azitromisini. Ana homa, anadungwa seftriaksoni bila hata kupimwa malaria. Wengine wanafungua tetrasiklini na kumwaga unga juu ya kidonda kama wanaotia chumvi kwenye samaki. Vijana wananijia na kuniuliza ni antibiotiki gani iliyo bora kuliko zote, nami nakasirika, kwa sababu swali lenyewe linaonyesha hawajamtazama mgonjwa.

Wiki niliyokabidhi funguo, Mwajuma alinisaidia kubeba vitu vyangu mpaka nyumbani. Alipokwisha kuviweka alisimama mlangoni.

"Mama Feza, ulikuwa na mama yangu mpaka mwisho. Alikufa na nini?"

Ningeweza kusema vita, kama nilivyowaambia watu miaka yote. Nilimwambia yote: mchana nilioutaja bila kuuliza, hakika niliyompa daktari, nadhiri, chupa za prokaini zilizochelewa. Na zile kapsuli.

"Zilibakia ngapi?"

"Ishirini."

"Njo zenye nilikunywa mimi?"

"Njo zile."

Aliondoka bila kuaga. Wiki tatu hakukanyaga kwangu, na kituoni walisema anafanya kazi kama kawaida, anasema kidogo. Sikulala vizuri hata siku moja. Nilijua nastahili.

Alikuja siku ya Ijumaa, alasiri, akaketi kwenye kiti cha jikoni, akakataa chai, kisha akaichukua. Nilikuwa nimejitayarisha kwa maneno yoyote aliyokuja nayo.

"Mimi simukumbuki," alisema. "Nakumbuka tu kile kikatoni, nampepea. Sauti yake sina. Bibi alikuwa analia kila nikimuuliza, nikaacha. Na weye hukunisimulia hata mara moja. Nilifikiri hamukupendana."

Nilikaa na kikombe mkononi. Miaka yote ile nilimlipia madaftari, nikamfundisha kazi, nikajiona nalipa. Na kwa kuogopa kueleza siku zile za mwisho za Salima, nilikuwa nimemnyima mtoto wake zile zote zilizotangulia.

"Alikuwa anaongea mbio," nilimwambia, "na akicheka alikuwa anafunika mudomo, sababu ya jino moja lililopanda lingine. Kama lako."

Mwajuma alipeleka mkono mdomoni. Nikaendelea: jinsi alivyopima mchele akiongeza konzi moja kwa mwenye mtoto mgongoni, jinsi alivyonidanganya umri wake mara tatu, wimbo aliomwimbia Mwajuma wakati wa kumwogesha, ambao nilijaribu kuuimba nikakosea. Chai ilipoa, nikaweka nyingine.